Pua hupigana na ukavu kuliko baridi

Karibu kila anayejua habari hizi amezipokea kwa ufupi huu: pua nyembamba ni za nchi za baridi, pua pana ni za nchi za joto. Maelezo hayo yanakwama mara tu ufikapo Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, au jangwa la Chalbi kule kaunti ya Marsabit. Wasomali, Warendile na Wagabra wanaochunga ngamia katika nchi hizo, wengi wao wana pua nyembamba zilizosimama, zenye mwamba mrefu. Baridi ipi iliyowachonga? Mchana wa huko joto hupita nyuzi 35. Kinachofanana kati ya Chalbi na Siberia ni kimoja tu: hewa ya sehemu zote mbili ina maji kidogo.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Ukitaka kuielewa pua, angalia unyevu wa hewa kabla ya kuangalia kipimajoto. Na kuna la pili linaloifuata: katika uso mzima, pua ndiyo yenye ushahidi mzito kwamba hali ya hewa iliigusa. Macho, mashavu na midomo vina masimulizi mengi kuliko ushahidi, na nitayafikia.

Kazi inayofanyika ndani

Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Kwa siku nzima ni kama lita 10,000, yaani mita 10 za ujazo. Mapafu hayataki hewa hiyo ije kama ilivyo huko nje. Ikifika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu inatakiwa iwe na joto la mwili, nyuzi 37, na iwe imeshiba mvuke kabisa: gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Sehemu kubwa ya matayarisho hayo hufanyika puani, kwenye njia ya sentimita chache, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Chombo kinachofanya kazi hiyo hakionekani kwa nje. Kila upande wa pua una vifupa vitatu vilivyojikunja kama karatasi iliyoviringishwa, vimefunikwa na ngozi laini yenye damu nyingi na ute. Wataalamu huviita konka. Nafasi kati ya konka na ukuta wa katikati ni milimita chache tu, kwa hiyo hewa hupita kama utando mwembamba uliobanwa kati ya kuta mbili zenye joto na maji. Eneo lote la ngozi hiyo kwa mtu mzima ni takriban sentimita 160 za mraba. Mlango wenyewe, sehemu iliyo finyu kuliko zote, uko nyuma kidogo ya tundu za pua, kama sentimita moja na nusu au mbili ndani. Hapo ndipo mwendo wa hewa unapobadilika. Mlango ukiwa mwembamba, hewa huingia kwa kasi na kuvurugika, na hewa iliyovurugika hugusa kuta mara nyingi zaidi kuliko ile inayoteleza moja kwa moja.

Kwa nini mwili ugharamike hivyo? Kwa sababu ya ute. Juu ya ngozi ya pua kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, silia, vinavyopiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde na kuusukuma ute kuelekea kooni, kama nusu sentimita hadi sentimita moja kwa dakika. Vumbi na vijidudu vilivyonaswa humezwa baada ya dakika 10 hadi 20, na asidi ya tumbo hummaliza aliyefika hai. Hewa ikiwa kavu mno, ute hukauka na kuwa mzito kama gundi, silia zikakwama, na vijidudu vikapata muda wa kukaa. Maradhi ya njia ya hewa yamekuwa yakiua watoto tangu binadamu awe binadamu. Hapo uteuzi asilia unapata pa kushika: mtoto ambaye pua yake inalainisha hewa vizuri kidogo kuliko ya mwenzake ana nafasi kubwa kidogo ya kufikia umri wa kuzaa. Tofauti ndogo, lakini vizazi ni vingi.

Hesabu ambayo wengi huiruka

Simu yako ikikuambia unyevu ni asilimia 80, haijakuambia kuna maji kiasi gani hewani. Asilimia hiyo ni ya uwezo wa hewa kubeba maji, na uwezo huo hutegemea joto. Hewa iliyoshiba ya nyuzi 30 hubeba gramu 30 za maji kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba gramu 17, ya nyuzi 10 gramu 9, ya nyuzi 0 gramu 5 kasoro, na ya nyuzi 20 chini ya sifuri haizidi gramu moja hivi. Kwa hiyo asubuhi yenye theluji na "unyevu asilimia 90" ni kavu kuliko adhuhuri ya Lodwar, kule Turkana. Zidisha asilimia kwa uwezo wa joto la siku hiyo, ndipo utapata namba ambayo pua inaijali.

Sasa tulinganishe. Chukua Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75: hewa ina gramu 23 za maji kwa mita ya ujazo, na mwili unatakiwa kuongeza gramu 21 kufikia 44. Chukua adhuhuri ya kiangazi Lodwar, tuseme nyuzi 36 na unyevu wa asilimia 25: hewa ina gramu 10 hivi, na mwili unatakiwa kuongeza 34. Chukua siku ya nyuzi 0 Ulaya ya kaskazini, hewa imeshiba: gramu za kuongeza ni 39.

Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke hula takriban kilojuli 2.4. Kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja hula kama kilojuli 1.2. Ukizidisha, mtu wa Ulaya siku ile anatumia karibu kilojuli 94 kulainisha hewa na 44 hivi kuipasha. Yaani hata penye barafu, maji yanagharimu mara mbili ya joto! Mtu wa Lodwar hatumii karibu chochote kupasha, lakini anatumia kilojuli 80 na ushei kulainisha. Yule wa Dar, ukijumlisha vyote viwili, hafiki 60. Pua ya Turkana kwa kazi iko karibu zaidi na pua ya penye barafu kuliko unavyodhani, na pua ya pwani ndiyo iliyopumzika.

Kuna nusu ya pili ya kazi, nayo ni wakati wa kutoa pumzi. Hewa inayoingia huipoza ngozi ya pua. Hewa inayotoka, yenye nyuzi 37 na gramu 44 za maji, inakutana na ngozi hiyo iliyopoa, mvuke unatonesha maji juu yake, na sehemu ya maji inarudishwa. Ikitoka na nyuzi 32 badala ya 37 inabeba gramu 34 tu. Umeokoa gramu 10 kwa kila mita ya ujazo, takriban mililita 100 kwa siku ukiwa umetulia. Ngamia amefika mbali zaidi: eneo la ndani la pua yake ni kama sentimita 1,000 za mraba, na usiku wa jangwani hutoa pumzi iliyopozwa sana. Digidigi wa nyika zetu, hasa yule mwenye pua iliyovutika kama mkonga mfupi, hupoza damu yake humo humo puani kwa kuhema haraka. Kila mwenye kuishi ukavuni amelazimika kufanya jambo fulani na pua yake.

Kutoka namba za Thomson hadi picha za pande tatu

Mwaka 1923 Arthur Thomson na Dudley Buxton walichapisha uchunguzi uliolinganisha upana wa pua za watu wa sehemu mbalimbali za dunia na joto na unyevu wa kwao. Uhusiano ulikuwapo, na tangu hapo kanuni hiyo ikabeba jina la Thomson. Mwaka 1954 J. S. Weiner aliipitia upya na kuonyesha kwamba kiasi cha mvuke hewani kinaeleza umbo la pua vizuri kuliko joto peke yake. Ajabu ni kwamba baada ya miaka 70 watu bado wanasimulia toleo la joto.

Lakini uhusiano si sababu. Watu wanaoishi karibu hufanana kwa sababu ya undugu pia, na undugu hufuata ramani kama hali ya hewa inavyofuata ramani. Zaidi ya hapo, sura hubadilika kwa bahati tupu: kikundi kidogo kinachohama hakibebi sampuli kamili ya kilikotoka, na kila kizazi kinapoteza hiki na kuzidisha kile bila faida yoyote. Kwa hiyo swali zito ni hili: je, tofauti za pua ni kubwa kuliko zile ambazo bahati ingezileta yenyewe?

Swali hilo ndilo waliloshika Arslan Zaidi, Mark Shriver na wenzao mwaka 2017. Walipiga picha za uso za pande tatu watu 476 wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia Mashariki, Asia Kusini na Ulaya Kaskazini, wakapima vipengele saba vya pua. Vingi kati ya hivyo vilitofautiana kwa kiwango ambacho bahati inatosha kukieleza. Viwili vilizidi: upana wa tundu za pua na upana wa kitako cha pua pale mabawa yanapokaa. Na upana wa tundu ulikwenda sambamba na joto na kiasi cha mvuke cha nchi za asili. Urefu wa pua au kuchomoza kwake mbele havikutoa ishara hiyo. Tena waandishi wenyewe walisema kuchaguana kwa wachumba kunaweza kuwa kumechangia, na mimi nawaheshimu kwa hilo, maana ni rahisi kulificha.

Kwa upande wa fuvu, matokeo yanaelekea huko huko kwa njia nyingine. Sehemu kubwa ya fuvu la binadamu hufuata historia ya uhamaji na bahati. Eneo la pua linajitenga, na ishara ya hali ya hewa huwa na nguvu zaidi kwa watu wa baridi kali ya kaskazini-mashariki mwa Asia na Aktiki. Ukiangalia Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, kwa nje utasema pua zao hazijachomoza hata kidogo. Ukiangalia mafuvu yao, tundu la mfupa ni jembamba na chumba cha ndani ni kirefu kwenda juu. Umbo la nje linaweza kukudanganya, na chumba cha ndani ndicho kinachofanya kazi.

Jeni zenyewe zimeanza kujulikana. Mwaka 2016 utafiti wa watu karibu 6,000 kutoka Brazil, Chile, Colombia, Mexico na Peru uliihusisha jeni ya DCHS2 na uchongokaji wa pua, RUNX2 na upana wa mwamba, GLI3 na PAX1 na upana wa tundu. Kila moja hutikisa umbo kidogo tu. Usitarajie "jeni ya pua nyembamba". Ziko nyingi, kila moja inavuta upande wake, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana pua kama majirani.

Ukitaka kupima

Kipimo cha zamani ni uwiano: upana gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100. Chini ya 70 iliitwa nyembamba, 70 hadi chini ya 85 ya kati, 85 na kuendelea pana. Ni kipimo rahisi na ndiyo maana kimetumiwa vibaya, kwa hiyo ujue kinavyokosea.

Mpimwaji akae wima, atazame mbele, mdomo umefungwa, asicheke. Tabasamu hutanua mabawa ya pua, na hilo peke yake huharibu kipimo. Urefu unaanzia pale mfupa wa pua unapokutana na paji la uso, kwenye kibonde kati ya macho, na kuishia pale ukuta wa katikati unapoungana na mdomo wa juu. Hauishii kwenye ncha. Upana ni kutoka ukingo wa nje wa bawa moja hadi wa jingine. Tumia kalipa ya vernia, ile ya karakana inatosha, na iguse ngozi bila kubonyeza. Upana wa milimita 40 kwa urefu wa 50 unatoa 80. Ukibonyeza mabawa kwa milimita 2 tu unapata 76. Ukikosea kibonde cha juu kwa milimita 3, ukaanzia chini, unapata 85, na mtu amehamia kundi jingine bila pua yake kubadilika. Pima mara tatu, ukitoa kalipa kila mara, uchukue wastani.

Picha ya simu usiitumie kabisa. Picha ya kujipiga kutoka sentimita 30 huikuza pua kwa karibu asilimia 30 kulinganisha na kupigwa kutoka mita moja na nusu, kwa sababu ncha iko karibu na lenzi kuliko masikio.

Hata ukipima bila kosa, uwiano unachanganya mambo mawili. Mwenye pua fupi hupata namba kubwa ingawa upana wake ni wa kawaida. Watoto wadogo wote huonekana "pana" kwa sababu uso wao haujarefuka. Uzee hulegeza gegedu na ncha kushuka. Wanaume huwa na pua kubwa kuliko wanawake wa umbo lile lile, kama asilimia 10 katika watu wenye asili ya Ulaya waliopimwa, na maelezo yanayokubalika ni kwamba misuli mingi inadai oksijeni nyingi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohusu hali ya hewa.

Na kanuni ina watoro wake. Wenyeji wa asili wa Australia wengi wana pua pana, na bara lao kwa sehemu kubwa ni jangwa. Wasani wa Kalahari vilevile: nchi kavu, pua pana na mwamba mfupi. Ukubwa wa meno na taya ya juu huvuta upana wa pua, historia ya uhamaji huvuta, na ukavu ni mkono mmoja tu kati ya mikono hiyo. Anayekuambia kanuni haikosei hajafungua ramani.

Pembe ya Afrika, na balaa la vipimo

Hapa ndipo somo hili linapotuhusu kwa uchungu. Wakoloni waliona pua nyembamba za Wasomali, Wahabeshi, Wahima na Watutsi wakaamua kwamba watu hao lazima walitoka nje ya Afrika. Mwanaanthropolojia C. G. Seligman aliieneza dhana hiyo ya "Wahamiti" mwaka 1930, kwamba kila kilichostaarabika Afrika kililetwa na wenye pua hizo. India nako, Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya 1901, alikuwa ameshatumia uwiano wa pua kupanga watu wa matabaka. Rwanda ilipimwa kwa kalipa hizo hizo, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho vyenye maneno hayo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na asiye nacho alihukumiwa kwa sura.

Mwanaanthropolojia Jean Hiernaux aliandika katika miaka ya 1970 kwamba miili mirefu na pua nyembamba za Afrika Mashariki zinaelezeka na ukavu wa Afrika yenyewe, bila kuleta mgeni yeyote. Naona alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ila si yote, na ni vizuri kusema hivyo. Vinasaba vya Waethiopia na Wasomali vinaonyesha kweli mchanganyiko wa kale na watu wa upande wa pili wa Bahari ya Shamu, kwa makadirio ya karibu miaka 3,000 iliyopita. Kwa hiyo kwao huwezi kutenganisha urithi na ukavu kwa kuangalia tu. Lakini undugu huo haukuleta "ustaarabu" wa mtu yeyote, na milimita za pua hazikuwahi kusema lolote juu ya akili au haki ya kutawala. Ndani ya ukoo mmoja zinapishana.

Ushahidi wa zamani zaidi kuhusu pua iliyochomoza unatoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1984, magharibi mwa ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa Nariokotome, Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kingo za tundu la pua za viumbe wa aina hiyo zimegeukia nje, na mifupa ya pua imeinuka, alama kwamba juu yake kulikuwa na pua ya gegedu iliyosimama kama yetu. Waliotangulia, kama yule mwenye meno makubwa aliyegunduliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, walikuwa na uso bapa na pua iliyozama. Maelezo yanayopendwa ni kwamba kiumbe aliyeanza kutembea mbali juani, kwenye nyika iliyokuwa ikikauka, alihitaji kurudisha maji ya pumzi. Kama ni hivyo, pua ya binadamu ilianza vita vyake na ukavu Afrika, zamani sana kabla ya mtu yeyote kuiona theluji.

Neandathali wa Ulaya, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, wanaivuruga picha hii, na napenda wanavyoivuruga. Waliishi penye barafu na walikuwa na pua kubwa, tena pana. Vielelezo vya kompyuta vilivyotolewa mwaka 2018 vilionyesha kwamba pua zao zilipasha na kulainisha hewa vizuri kuliko za binadamu wa kale waliowatangulia, na kwamba ziliweza kupitisha hewa karibu mara mbili ya yetu. Yaani mwili wenye misuli mingi na kazi nzito uliomba hewa nyingi, na pua ikakua pande zote. Urithi wao umebaki kidogo: mwaka 2023 kipande cha vinasaba chenye asili ya Neandathali, karibu na jeni ya ATF3, kilihusishwa na urefu wa pua wa watu wa leo.

Mengine ya usoni

Nitapita haraka, kwa sababu hakuna mengi. Kikunjo cha jicho cha watu wa Asia Mashariki kilielezwa mwaka 1950 na Coon na wenzake kuwa ni kinga ya baridi na mwanga wa theluji, pamoja na uso bapa wenye mafuta. Majaribio ya baadaye ya kupoza nyuso maabarani hayakuunga mkono kwamba uso bapa hukaa na joto zaidi. Na kikunjo hicho hicho wanacho Wasani wengi wa Kalahari, ambako theluji si tatizo. Dhana kwamba mapango ya mifupa ya uso, sainasi, hutanuka kwa baridi imekwenda kinyume: nyani wa Japani wa sehemu za baridi wana sainasi ndogo zaidi za mashavuni, na za Neandathali hazikuwa kubwa kupita kiasi. Midomo, sioni hoja ya kushika.

Rangi ya ngozi ni suala jingine. Hiyo hufuata mionzi ya jua, si joto wala unyevu, na ushahidi wake ni imara kuliko hata wa pua. Nywele za kipilipili nazo zimepata jaribio zuri mwaka 2023, la Tina Lasisi na wenzake: sanamu yenye kipimajoto kichwani, mawigi ya nywele tofauti, taa za jua. Nywele zilizojikunja sana zilizuia joto la jua kufika kichwani kuliko zilizonyooka.

Mifupa haihami nawe

Aliyetoka Mombasa akafikia Toronto au Minneapolis hujua ukweli wa hesabu hii wiki ya kwanza ya baridi, pua inapotoka damu bila kuguswa. Hewa ya nje ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ina gramu 2 kasoro za maji. Ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 22 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 10. Chumba chenye joto la kupendeza kinakukausha kama jangwa. Mishipa midogo iliyosongamana mbele ya ukuta wa katikati wa pua hupasuka kwa ukavu huo. Pua pana haiwi nyembamba kwa kukaa miaka ishirini ughaibuni. Kinachobadilika ni ute na mtiririko wa damu, navyo vina kikomo.

Kinachosaidia ni kuongeza maji hewani. Nunua kipima unyevu kidogo cha mezani, lenga asilimia 30 hadi 50 chumbani, usizidishe, maana dirisha likianza kutiririka maji ukungu unakaribia ukutani. Kifaa cha kuongeza unyevu kisafishwe mara kwa mara, la sivyo kinapulizia vijidudu. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa yanalainisha ute. Ukitembea nje, skafu juu ya pua na mdomo hunasa mvuke wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwenye inayoingia, kazi ile ile ya konka, isipokuwa hii unaweza kuifua. Damu ikitoka, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kuinamisha kichwa nyuma kunaipeleka damu tumboni tu. Isipokata baada ya kubana hivyo mara mbili, nenda hospitali.